Matuta ya Kikima Ndani ya Mchezo

Mimi si mtu wa kutulia. Nikiketi kwa duka langu la kutengeneza simu hapa Mwingi, mguu unatingisha meza mpaka wateja wananiuliza kama ninaumwa. Shamba letu la mlimani Kikima lilipouzwa, nilizidi. Ndugu za marehemu baba ndio waliuza. Mnunuzi akaleta trekta, akasawazisha matuta yote ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, aliyochimba mama na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu. Mama akahamia kwangu. Shamba singeweza kulirudisha, lakini nilitaka libaki mahali.

Mahali nilipopata ni mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, ule unaocheza ukiona kwa macho ya mwenye bunduki. Ni wa bure, hauna tajiri. Ulitokana na mchezo wa zamani ambao wenyewe waliuchoka, wakaiachilia programu yake itumiwe na yeyote. Watu wa kujitolea wakaiokota, wakaichonga miaka na miaka, wengine wakiacha, wengine wakiingia. Mwenye wazo analileta, wenzake wanalikagua. Huu ni mwethya mtupu, nikajiambia. Nikachora uwanja mpya: mlima wetu, matuta, nyumba ya mabati. Nikautuma.

Ukarudishwa. Waliandika kwamba wachezaji wanakwama, mlima hauna njia, nisawazishe matuta ndipo waupokee. Nisawazishe! Damu ilinichemka. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nimecheza kwetu nikaambiwa nipabomoe. Niliandika jibu la matusi, nikalifuta, nikaandika lingine baya zaidi.

Kabla sijalituma, mama aliyekuwa akichambua ndengu mlangoni akauliza ninagombana na nani. Nikamwonyesha. Akatazama kioo kwa muda.

"Sasa hapa watu wanapandia mlima wapi?"

"Kando, mama. Si kila mtu anajua tuta halikanyagwi?"

"Hao watajuaje, na si wa kwetu?"

Kweli, njia sikuwa nimeichora. Kwetu hakuna anayehitaji kuonyeshwa. Nikafuta matusi, nikachora kijia kikipita kwenye ncha za matuta, nikatuma tena. Wiki zilizofuata nilikuwa nafungua kompyuta kabla hata ya chai, roho juu. Mwishowe wakaupokea, pamoja na matuta yake. Nilifurahi mpaka nikafunga duka mapema.

Nikamketisha mama aone. Wageni wa nchi nisizozijua walikuwa wanakimbia kwetu, wanafyatuliana risasi, wanaruka kutoka tuta hadi tuta, kijia wamekiacha. Nilingoja acheke, au alie, chochote.

"Mvua ikinyesha," akauliza, "haya matuta nani anayarudishia udongo?"

"Mama, huko mvua hainyeshi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hapo si kwetu," akasema, akainuka kwenda kuanua nguo.