Sentensi Ambayo Elifuraha Hakuiuza

Kufundisha ufupisho kulinigharimu mikungu miwili ya ndizi na heshima yangu mbele ya Mwalimu Mkuu kwa wiki nzima. Nimehesabu tena, ni hivyo hivyo.

Siku ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, katika shule ya misheni juu ya kijiji cha Maji ya Chai, nilipewa chaki na darasa la nne. Niliwasomea karatasi ya bwana shamba kuhusu kupogoa mibuni, nikasema: fupisheni. Wakanakili yote kwa mwandiko mdogo.

Mimi nilikulia sokoni. Kesho yake nikawagawa wanne wanne: wawili wauzaji, wawili wanunuzi. Muuzaji anatoa sentensi moja ya karatasi ile na kutaja kazi yake. Mnunuzi asipoiona hiyo kazi, haichukui. Kundi lililobaki na maneno machache bila kupoteza maana lilikula ndizi.

Mwalimu Mkuu akachungulia. "Mwalimu, hili ni darasa au gulio?"

"Darasa, Mkuu. Kelele ni za kazi."

"Utamweleza mkaguzi hivyo hivyo."

Wiki haijaisha, akaja Mzee Anaeli, baba wa mwanafunzi wangu Elifuraha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimemfuata binti yangu. Kahawa inanilemea, naye huku anapiga mnada maneno."

"Msikilize kwanza, mzee, ndipo umchukue."

Akafikiri. "Haya. Ile karatasi ya bwana shamba ilinishinda. Watoto hawa waniambie inataka nini. Ikinifaa, abaki."

Mvulana mmoja kutoka Kikwe, mnunuzi katika kundi la Elifuraha, akawahi kusimama: "Kata machipukizi na matawi yaliyozeeka."

"Basi jioni nashika panga."

"Bado, baba," akasema Elifuraha. "Huyu alitaka tuiache sentensi ya pili, nikakataa. Ukate ukishavuna. Ukikata leo, unakata kahawa yako."

Mibuni yake ilikuwa imejaa matunda mabichi.

"Na ya tatu?"

"Hakuna. Zilizobaki zilikuwa salamu za serikali."

Akacheka kidogo, akachukua kofia yake. "Baki. Nitatafuta mtu wa kuvuna."

Mwalimu Mkuu alikuwa dirishani. Jumatatu darasa lake mwenyewe lilikuwa limekaa wanne wanne, na kelele zake zikazidi zangu. Nimewahi kuwa chini ya wakuu wengi. Anayejifunza kwa aliye chini yake na asione haya, nimempata huyo mmoja.

Baadaye nilihamishiwa shule ya Daraja Mbili, kisha kwingine, na kila nilipokwenda nilibeba gulio langu. Sasa nimestaafu. Walimu vijana wameniomba sentensi tatu za kutundika ofisini kwao. Nilimpelekea Elifuraha azipitie, maana siku hizi ni mwalimu kunishinda. Akabakiza mbili. Aliyoikata inasema kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Nimembembeleza mara mbili, hashuki. Ninyi mnaofundisha leo, nishaurini: nimwongezee nini ili anirudishie?