Gari Linalofika Nyumbani

Ukimkuta Kamanthe siku hizi nyuma ya kaunta ya duka la rangi na misumari pale Machakos mjini, huwezi kudhani kwamba mwaka 2007 mwanamke huyu alikuwa akiuza magari ya stima. Mji umesahau. Yeye hajasahau, na wateja wakipungua mchana huanza kuwasimulia vijana wa duka, nao humsikiliza kwa adabu wakidhani anawaongopea.

Kabla ya hapo alikuwa ameuza kila kitu kinachouzwa kwa mdomo: redio, vitabu vya shule, na mwishoni mwa miaka ya tisini paneli za sola huko Matuu, akipanda juu ya mabati ya watu akiwa na sketi na viatu vya kanisani. Kuuza alikujua. Kwa hiyo kampuni moja ya Nairobi ilipofungua ofisi karibu na soko la Marikiti na kumkabidhi kigari chekundu cha milango miwili, kisicho na moshi wala ngurumo, cha kuchajiwa usiku kucha kama simu, aliamini kwamba kufikia Krismasi mji mzima ungekuwa ukitembea kimya.

Mji mzima ulikuja kukitazama, hilo ni kweli. Waliyapiga magurudumu mateke, wakafungua boneti, wakakosa injini, wakacheka mpaka machozi. Halafu kila mmoja, awe daktari awe mwenye bucha, aliuliza swali lile lile.

“Inafika nyumbani?”

Sasa hapo ndipo wakubwa wa Nairobi walipokosa kuelewa. Mkamba wa mjini hanunui gari ili limpeleke kazini. Kazini hata kwa miguu atafika. Gari ni la kwenda nyumbani kijijini, mama alizunguke, alipapase, alitemee mate kidogo ya baraka kwenye boneti huku majirani wakiona. Lisipotemewa mate, hata uwe umelilipia lote, bado ni la duka.

Na kigari chekundu, kikijaa chaji, kilikwenda kilomita themanini basi. Kamanthe hakuwaficha watu. “Inafika,” alikuwa akijibu, “lakini siku hiyo hairudi.” Wateja walimshukuru kwa ukweli wake, wakaenda zao. Miezi minane ilipita hajauza hata kimoja.

Mwezi wa Machi mkubwa wake, Carol, alimpigia simu kutoka Nairobi.

“Kamanthe, nakupenda, lakini mwezi ukiisha bila gari hata moja tunafunga hiyo ofisi. Na wewe, acha kujibu maswali hujaulizwa! Mtu akiuliza kama inafika, sema inafika. Nyamaza hapo.”

Kazi ile Kamanthe aliipenda, tena aliipenda sana. Aliipenda harufu ya viti vipya, alipenda kupita sokoni kimyakimya na akina mama kugeuka ghafla na kumtania. Hakuwahi kupata kazi iliyomfanya aamke kabla ya saa kulia.

Wiki ile ile akaja Mutinda, mwenye duka la mbegu na dawa za ng’ombe. Alikizunguka kigari mara tatu, akaketi ndani, akaona hatoki tena.

“Madam, hii inafika kwetu Katangi?”

“Inafika,” akasema Kamanthe. Akanyamaza hapo.

Walikubaliana waende Jumamosi. Mama yake akishakibariki, Jumatatu Mutinda angetia sahihi. Barabara ya kushuka Yatta ni mteremko mwingi, na kigari kilitiririka kama maji. Mutinda aliendesha akicheka peke yake. Kamanthe hakucheka, macho yake yalikuwa kwenye mshale wa chaji, ambao ulikuwa ukishuka pamoja nao.

“Saa nane tugeuze,” alisema Mutinda. “Duka halina mtu. Mimi kila nikija ni hivyo, nasalimia mwaitu, naacha sukari na unga, narudi.”

Waliingia uani bila mtu kuwasikia. Mama yake, Mukai, yule aliyemwita mwaitu, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde, na alipoinua macho akaona gari jekundu mbele yake, ungo ulimponyoka.

“Aiya! Mnaingia kwa watu kama paka? Gari yako ile nyingine nikiisikia pale kwa kilima, naweka chai kwa moto. Sasa chai haiko!”

“Usijali mwaitu, hatukai,” Mutinda alisema akitazama saa. “Itemee tu mate, twende.”

Mukai hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa mbaazi uliokwisha kufungwa kamba, akauweka miguuni pa mwanawe. Kamanthe aliutazama ule mfuko. Haukufungwa wakati ule. Ulikuwa umekaa nyuma ya mlango tayari, labda wiki nzima, kwa sababu mwenye kuujia hana muda wa kungoja ufungwe. Aliona aibu, si kwa sababu ya gari tu.

“Bwana Mutinda,” akasema, “gari hairudi leo.”

“Imeharibika?”

“Haijaharibika. Chaji iliyobaki itatufikisha pale sokoni kwenye posho mill ya kusaga unga, kuna stima. Ilale hapo, kesho asubuhi turudi. Huu mlima wa kurudi haiuwezi leo.”

“Na mbona hukusema?”

“Uliuliza kama inafika.”

Mutinda alifoka. Alisema mambo ya duka lake, ya wateja wake, ya wanawake wa Nairobi na ujanja wao, ingawa Kamanthe alikuwa wa Mitaboni, hapo karibu na Machakos tu. Kazi imekwenda, Kamanthe alijiambia, na imekwenda kwa haki.

Mukai alikuwa akimtazama yeye, si mwanawe.

“Mwana wakwa, mwanangu, umesema hairudi?”

“Hairudi, mwaitu. Mpaka kesho.”

“Hata akitaka?”

“Hata akitaka.”

Mwanamke mzee akainama. Akaufungua ule mfuko wa mbaazi polepole, akazimwaga kwenye ungo. Kisha akaingia jikoni, na alipotoka alikuwa amebeba muthokoi, mahindi makavu yaliyokobolewa, kwenye kibuyu. Kila mtu aliyelelewa Ukambani anajua maana yake. Muthokoi hukaa motoni nusu siku. Hapikiwi mtu aliyeshika funguo za gari mkononi.

“Tangu tumzike baba yako hujalala hapa,” alimwambia mwanawe bila kumlaumu. “Nunua hii.”

Akakiendea kigari, akakitemea mate ya baraka mara mbili kwenye boneti.

Asubuhi Mutinda aliendesha kupanda Machakos, mfuko wa mbaazi uliofungwa upya ukiwa nyuma. Walipokaribia mji akapunguza mwendo. “Sikujua mwaitu anakoroma,” alisema, akageuza uso dirishani. Jumatatu akatia sahihi; Nairobi ikaleta kingine cha maonyesho, naye akabaki na kile kilichotemewa mate.

Hicho ndicho kigari pekee Kamanthe alichokiuza. Ofisi ilisukuma siku mpaka mwisho wa mwaka, kisha ikafungwa, na cha maonyesho kikachukuliwa na lori. Alilia siku hiyo, haoni haya kusema.

Lakini kabla ya hayo, Jumamosi iliyofuata ile ya Katangi, alikichukua kigari cha maonyesho akaenda kwao Mitaboni. Si mbali, kwa chaji ile angeweza kwenda na kurudi mara mbili na ibaki. Mama yake alimpokea mlangoni, na kabla hata ya kumshika mkono aliuliza kama alivyouliza miaka yote.

“Unarudi saa ngapi, nijue kama ni chai tu?”

Kamanthe aliyekuwa amekataa kuwadanganya wateja miezi minane alimtazama mama yake machoni.

“Leo hairudi, mwaitu. Hizi gari za stima ziko hivyo.”

Mama alikitazama kigari, akamtazama bintiye, kisha akaingia jikoni kutafuta muthokoi.