Ngome Niliyoijenga Chini ya Maji

Ndugu wasomaji, hapa Ikwiriri hakuna mwingine aliyerudi kutoka ng'ambo na stashahada, pamoja na kompyuta aliyoinunua kwa jasho lake. Basi kwenye arusi ya binamu yangu nilijigamba: "Nimejenga ngome chini ya maji. Watu sabini wanalala humo, hawalowi!" Sikusema kwamba ni mchezo wa kompyuta. Shangazi Mwanahawa alinipigia vigelegele.

Mto ulipoanza kufurika, majirani zake wa bondeni walihamishia mpunga wao kwa jamaa zao kijijini Mtunda. Yeye aligoma.

"Kahangaikeni nyie," aliwaambia. "Mimi mwanangu ana ngome."

Juzi aliingia dukani kwangu, kanga zimemganda mwilini, kashika kuku mmoja. Mpunga wote ulikuwa umekwenda na maji.

"Baba, nipeleke kwenye ngome yako."

Sikuwa na pa kumpeleka. Nikawasha kompyuta, nikamwonyesha vijitu vyangu vikitembea chini ya maji. Shangazi aliinama, akavitazama kwa muda mrefu.

"Kweli hawajalowa," akasema taratibu. "Sasa mpunga wangu ungekaa wapi humu, baba?"