Moshi Mweusi wa Pikapu ya Baba

Juzi pale Tinde niliona pikapu kuukuu ikitapika moshi mweusi, na watu wazima wakiishangilia. Hasira za zamani zilinipanda upya.

Nilikuwa mtoto mchana ule fundi alipokuja kuiongezea nguvu pikapu ya baba. Alikata sili ya pampu ya mafuta, ile inayozuia isichezewe, akafungulia dizeli kwa kukisia, kisha akakaza turbo isukume hewa zaidi. Hakuwa na geji hata moja ya kupimia. Jirani yetu Mama Kabula, aliyekuwa akianika dagaa, alikohoa.

"Baba Minza, moshi huo si wa kawaida. Gari litaungua hilo."

Baba alicheka. Mimi niliruka-ruka ndani ya ile harufu ya dizeli mbichi, nikiamini moshi ndiyo nguvu yenyewe.

Jioni, kwenye kilima cha kwenda machimboni, injini iligonga mara tatu ikanyamaza. Fundi alipoifungua alikuta pistoni imeyeyuka. Akapangusa mikono na kusema, "Hapa kuna mkono wa mtu. Nani aliwatabiria kwamba gari litaungua?"

Leo mimi ni fundi wa dizeli. Moshi ule ulikuwa mafuta yaliyozidi hewa, na joto lake ndilo lililokula pistoni. Yule bwana alijua. Hakuna fundi asiyejua. Lakini baba alimwamini, akatukataza kumwamkia Mama Kabula.

Asubuhi iliyofuata nilipita mbele ya mama huyo kimya, macho chini. Aliacha kugeuza dagaa, akanitazama.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.