Marehemu Aliyejaza Ukumbi Wangu

Mimi hakuna kinachonishangaza. Nimevuka Ruvuma na gunia la korosho kichwani, nimekimbia Palma bila viatu vita vilipoingia na nikarudi kujenga upya, yote kwa darasa la tatu. Waliomaliza shule ndio wanaokuja kwangu kupanga vyumba.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa muziki kutoka Maputo. Alipiga selo, fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Siku hizo ukumbi wangu mpya, wenye vigae sakafuni, ulikuwa haujaona hata harusi moja, na mke wangu alikwisha kuzungumza na muuza saruji aufanye stoo. Nikamwomba asubiri hadi Jumamosi. Nikiujaza watu, unabaki ukumbi. Nisipoujaza, saruji iingie.

Mwalimu akakubali kupiga bila malipo. Akaniambia nyimbo zake hazina maneno, ila kila moja ina kisa nyuma yake. Hapo tukaelewana. Kwetu ngoma haipigwi bure, ni ya harusi au ya jando, na mtu akiisikia kwa mbali huuliza kwanza, ni ya nini?

"Wewe piga," nikamwambia. "Ya nini, nitaeleza mimi."

Jumamosi baada ya alasiri walikuja watu thelathini, nusu yao kutazama vigae. Nikaanza na kisa cha tajiri aliyekosa usingizi, akamwajiri mtunzi amtengenezee muziki wa kumliwaza.

"Tajiri mzima hana mke?" akauliza shangazi yangu, aliyekaa mkekani mbele kabisa.

Watu wakacheka, mwalimu akapiga, na kabla hajamaliza wanane wakawa wanatafuta viatu mlangoni. Muuza saruji alikuwa pembeni anapima ukuta kwa hatua.

Nikashika maiki. Kisa cha pili mwalimu alinipa kwa maneno machache, akaongeza kwamba wasomi wengine hawakiamini. Hilo la wasomi nililiacha. Nikasema: mtunzi mmoja alisafiri na bosi wake, miezi miwili. Akarudi na zawadi mkononi, akabisha hodi, watoto wakatoka peke yao. Mama yao ameshazikwa. Mwenyewe hakumuuguza, hakumwosha, hakutupa hata konzi moja ya mchanga. Akakaa, akatunga huu mtakaousikia.

Waliokuwa na kiatu kimoja mguuni wakakivua.

"Matanga yaliwekwa?" akauliza shangazi.

Mtu mwingine angesema sijui. Mimi neno hilo sijawahi kulitumia hadharani. "Hayakuwekwa," nikasema.

"Na wajomba wa marehemu waliitwa?" Huyo fundi seremala, Mmakonde, jirani yangu.

"Hawakuitwa."

"Loo! Alikufa lini?"

Nikamgeukia mwalimu. "Miaka mia tatu," akasema.

"Mmechelewa sana," akasema shangazi, akajifunika kanga kichwani.

Mwalimu akapiga. Wimbo ni mrefu, robo saa na zaidi, na hakuondoka mtu. Zeze lile lilikuwa kama mtu anayezunguka nyumba yake mwenyewe akifungua kila mlango. Mimi niliangalia vigae, maana mama yangu alizikwa nikiwa Mtwara kununua baiskeli, na hilo sikutaka lionekane usoni.

Wimbo ukaisha, na bado hakuna aliyeondoka. Wanaume wakatoka kukaa barazani, wanawake wakabaki ndani na mikeka. Nikamuuliza mke wangu wanangoja nini.

"Wanangoja chakula. Umetangaza msiba kwa maiki, bwana. Mwenye msiba ni wewe."

"Mimi? Simjui hata jina!"

"Hata jina hukuuliza?"

Shehe akauliza dini ya marehemu. Mwalimu akajibu Mkristo. "Basi dua waombe wenzetu Wakristo wa bara," akasema shehe, "lakini wali tutakula pamoja." Seremala akasimama akaomba kwa Kimakonde, kirefu. Mwalimu alikuwa analia na kucheka, akapiga tena wimbo uleule mara mbili, kwa kuwa kila aliyechelewa alidai na yeye ausikie. Habari zilifika Quionga. Jumapili wakaja wengine kwa pikipiki kutoa pole, wananishika mkono mimi, na mimi naitikia, "Tumeshapoa."

Muuza saruji alikula siku zote mbili. Alipomaliza akanawa, akamwambia mke wangu, "Shemeji, nyumba iliyoliliwa hivi mimi siweki mifuko. Tafuta biashara nyingine." Wiki ileile wakaja watu wawili kuulizia harusi.

Basi nikubali, nilishangaa. Mwanamke wa mbali, amelala miaka mia tatu, amejaza ukumbi ambao mimi mwenye mdomo wangu nilishindwa kuujaza. Mchele, samaki, nazi, sukari, kuni na mikeka miwili iliyoungua, maziko yake ambayo mumewe hakuyawahi yalinigharimu metikali elfu kumi na moja, mia tatu na arobaini.