Pistoni ya Mashine ya Mikorosho

Chenso ya marehemu kaka yangu niliiua mimi. Naliandika hili mwanzo ili lisinisumbue huko mbele.

Kaka alikuwa mpasuaji mbao hapa Baleni. Minazi ikizeeka ikaacha kuzaa, watu walimwita aiangushe na kuipasua mbao. Alipofariki, mashine ile kuukuu ya kukatia miti ndiyo mali pekee aliyowaachia mkewe na wanawe. Tulikubaliana kwamba shemeji akitoka eda ataikodisha kwa wapasuaji wengine, wapate cha kuweka jikoni. Mimi nilipewa kuitunza.

Haikupita mwezi, mnazi ukaangukia banda la jirani. Nikaichukua mashine nikamsaidie. Tangi lilikuwa tupu, nikatoa petroli kwenye pikipiki yangu nikaimimina. Miaka yote nilimwona kaka akiimiminia petroli yenye oili kutoka kwenye chupa, nikadhani anaidekeza kwa sababu ya uzee wake, kama bibi anavyopakwa mafuta ya viungo. Tangi la pikipiki yangu halitiwi oili, nami nilijiona najua injini. Ilikata vipande vitatu, ikalia kwa ukali, ikaganda.

Nilipoirudisha, shemeji aliniuliza akiwa nyuma ya pazia, "Mashine nzima, shemeji?"

"Nzima," nikasema.

Neno hilo ndilo lililonifanya niichukue tena kesho yake na kwenda nayo Kilindoni. Muuza vipuri aliigeuza mara moja tu. "Huyu babu, ndugu yangu. Vipuri vyake havitengenezwi tena." Akanielekeza kwa fundi wa injini za boti, nyuma ya soko.

Fundi alifungua kifuniko cha tangi, akanusa.

"Imekunywa petroli kavu. Nani kainywesha?"

"Mimi."

"Afadhali. Kila anayekuja hapa huniambia imezima yenyewe."

Alipoitoa pistoni, ubavu wake ulikuwa kama nazi iliyopita kwenye mbuzi. Nilingoja aniambie nikaiuze chuma chakavu. Yeye alipima tundu la silinda, akapima tena, kisha akauliza, "Huko kwenu hakuna mwenye mashine mbovu ya kupulizia mikorosho?" Ile ya kubeba mgongoni, ya dawa. Nayo huchanganyiwa oili, alisema, na pistoni yake ina upana kama huu.

Niliipata Ndagoni, chini ya kitanda cha mzee mmoja. Nilipomweleza ni kwa ajili ya chenso ya nani, alinionyesha mlango niliopitia. "Mbao zake alipasua kaka yako, na mpaka leo haujapinda. Chukua."

Pistoni ile kwa upana ilikaa. Kwa urefu ilizidi kidogo mno, jicho langu halikuona, lakini fundi alisema ingegonga juu na kuvunjika siku ya kwanza. Akamwita mama muuza chapati wa jirani.

"Dada, nigawie kidonge cha unga."

"Cha kula wewe au cha mashine?"

"Cha mashine."

"Hizo mashine zako! Kesho zitaniomba na chai!"

Akafinyanga kipande kama punje ya choroko, akakipaka oili, akakiweka juu ya kichwa cha pistoni. Akafunga silinda, akazungusha kwa mkono taratibu, akafungua. Unga ulikuwa umebanwa mwembamba kama karatasi; hiyo ndiyo nafasi iliyobaki juu ya pistoni. Akakata gasketi kwenye kopo la soda, akaiweka chini ya silinda ili iinuke, akafunga, akazungusha, akafungua. Bado. Akaongeza ya pili. Safari hii unga ukatoka na unene wa ukucha. "Sasa inapumua," akasema.

Kuta za silinda alizisugua kwa msasa na oili siku mbili. Kila baada ya muda alifumba macho, akapitisha kidole ndani. Mimi nilitazama nikaona kumelainika, yeye akasema, "Bado pana mkwaruzo," akaendelea. Kaka naye alikuwa hivyo. Alikuwa akipapasa mti kabla hajaukata.

Ilipowaka nilimshukuru Mungu, lakini njia nzima ya kurudi lile neno "nzima" lilikuwa na mimi. Nikakaa barazani, mbele ya pazia.

"Shemeji, siku ile nilikudanganya. Mashine niliiua. Niliitia petroli bila oili. Imetengenezwa, ila ndani si ile ya zamani. Ina pistoni ya mashine ya mikorosho."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Uliondoka na mashine, chupa ukaiacha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchanganyia."

Chupa ikasukumwa chini ya pazia. Ilikuwa na mistari miwili iliyochorwa kwa ncha ya kisu. Niliiona miaka yote bila kuuliza ni ya nini.

"Oili mpaka mstari wa chini, petroli mpaka wa juu. Usigeuze. Na atakayeikodi, mchanganyiko atauchukua kwangu." Kisha akasema, "Iwashe niisikie."

Nikachanganya, nikaiwasha pale uani. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ile tuliyoizoea, na watoto walitazamana. Nikaizima.

"Si sauti yake," shemeji akasema.

"Si yake."

"Lakini inakata?"

"Inakata."

"Basi iache humu ndani," akasema. "Usiende nayo. Nitaitunza mwenyewe."