Nilifuta Hadithi za Majina Yetu

Kosa ni yangu, musitafute mutu mwingine. Niko nayo kifuani karibu miaka saba, na leo naitoa hapa gazetini sababu nyumbani imenishinda. Jina yangu muache. Muandike tu "mama mumoja wa Kabondo". Wamama wa mutaa huu wa Kabondo tuko wengi, waache waangaliane.

Tonton ni mudogo wa baba yangu, na ndiye alinilea. Alikuwa karani maisha yake yote. Hata leo anatembea na penseli tatu kwenye mufuko wa koti yake, ile abacost, zote zimechongwa. Wakati serikali ilitukataza majina ya watakatifu, tujiite majina ya jamaa, watu wa mutaa walikuwa wanaokota jina ya mukubwa yeyote wa zamani, kama mutu anayejaribu viatu sokoni. Tonton alikataa. Alisema jina ya mukubwa haivaliwi bila kujua habari yake.

Alors, kila likizo anapanda lori mpaka kijijini Banalia, kwa Koko, mama yake. Anamuuliza: huyu alikuwa nani, kwa nini walimuita hivi, alifanya nini duniani. Koko anasema, yeye anaandika kwenye kaye, daftari ya shule. Kulikuwa na babu aliyezaliwa katikati ya muto, ndani ya pirogue, ule mutumbwi, na bibi mumoja aliyemukimbia bwana yake mara tatu, akarudi mara ine. Ile ya ine hata Koko hakuweza kuieleza. Koko alipokufa, Tonton alikuwa amejaza kaye sita. Aliniambia, "Nimeandika yote. Sasa kichwa yangu ipumuzike."

Ndipo ordinateur ikaingia, hii munaita kompyuta. Mwalimu mumoja wa Ubelgiji alimaliza mukataba, akamuachia Tonton yake. Kioo ya kijani, uzito wa gunia ya muchele. Tantine, muke wa Tonton, akaitandikia kitambaa ya kushona na kuweka maua ya plastiki juu. Mimi nilikuwa dactylo, mupiga-chapa wa ofisi, tena nilikuwa nimefanya kozi ya ordinateur wiki mbili nzima. Mulinijua? Nilikuwa natembea Kabondo shingo juu, nasema "fichier" hata nikinunua chumvi.

Donc Tonton akanipa kazi ya kuandika zile kaye kwenye machine. Miezi mitatu. Mukumbuke, ile machine haikuwa na tumbo: ukiizima, inasahau kila kitu. Maneno yote yalikaa kwenye diskete moja, laini, kubwa kama kisahani. Na dactylo hasomi. Vidole vinasoma, kichwa inafikiri sombe ya kupika mangaribi.

Nilikuwa na mimba ya kwanza. Tonton akasema, "Ikiwa binti, jina iko tayari. Ni ya mama muzazi wa Koko. Mwanamuke mukubwa sana yule. Habari yake iko kwenye kaye ya ine." Nikasema sawa, nitaisoma nikijifungua.

Kisha akaleta shauri. "Diskete moja ni hatari. Tutalinda hii kitu namna gani?"

Tantine akasema, "Kaye si ziko? Tuzifungie kwenye kantini, ile sanduku ya chuma, na naftalini."

Nilicheka mpaka tumbo ikauma. "Tantine, kaye ni chakula ya muchwa. Watu wenye akili wanafanya kopi kwenye diskete ya pili."

Tonton akaniangalia, akamuangalia Tantine. "Bon. Wewe ndiye ulisoma. Chagua."

Nikachagua. Na sababu kaye hazikuwa na kazi tena, nikazichukua. Nilikuwa nauza mikate mulangoni, ile ya mafuta, na karatasi ya kufungia ilikuwa shida. Nusu ya Kabondo walikula mikate iliyofungwa ndani ya wakubwa wetu. Hapo kopi ilikuwa bado. Nilisema nitaifanya siku ya posho, ndiyo Jumamosi.

Siku ya posho ni salongo, kazi ya lazima ya mutaa. Watu wote wako inje na fagio na mapanga, wanakata majani ya barabara. Mimi nilijificha nyuma ya mimba yangu, nikabaki. Nilikuwa nimenunua diskete mupya kwa mufanyabiashara mumoja wa Butembo. Nikaitayarisha vile walitufundisha, halafu nikaamuru machine ifanye kopi. Ikaandika: weka "disquette source".

Source. Sisi watu wa Kisangani nani hajui source? Ni chemchemi, pale bondeni tunateka mayi na bidon. Sasa niambieni, kwenye source mutu anaenda na bidon gani? Tupu. Mwenye kupeleka bidon yenye kujaa kwenye source, jamaa yake wamutafutie munganga. Nikaweka diskete tupu.

Machine ikaisoma, ikaomba ingine, "disquette cible". Hiyo cible sikuijua, lakini mukononi ilibaki moja tu. Nikaweka ile ya Tonton. Machine ikakataa. Iliandika "protégée", ndiyo kusema imelindwa. Nikageuza diskete, nikaona Tonton alibandika kipande ya karatasi nyeusi pembeni. Nikafikiri ni urembo, Tonton anapenda mambo safi. Nikaibandua na ukucha.

Machine ikakubali. Ikanguruma vizuri, na mimi naimba.

Nilipofungua ya kwanza, hakuna kitu. Nikafungua ya pili, hakuna kitu. Nikarudia ya kwanza. Kumbe source ya machine ni ile yenye kujaa, na cible ni ile ya kupokea: nilikuwa nimekopia utupu juu ya hadithi. Koko amekufa, kaye zimeliwa na mikate, na mimi nimekaa mbele ya kioo ya kijani na bidon mbili tupu.

Tonton akaingia na fagio yake, anakimbia mvua. Inje mbingu ilikuwa inapiga ngurumo. Mudomo wangu ukafunguka wenyewe. "Tonton, radi."

"Radi imefanya nini?"

"Imekula diskete."

"Yote?"

"Yote."

Alikaa. Aliangalia machine, kisha tumbo yangu. "Wewe haukuumia?"

Angenipiga ile fagio, ningesema ukweli. Lakini aliniuliza kama sikuumia, na mimi nikatikisa kichwa.

Tangu siku ile, wingu ikitokea upande wa muto Tshopo, Tonton anachomoa kila kitu. Frigo, redio, taa. Anatoa hata mapile, zile betri, kwenye torchi. Tantine amerudilia pasi ya makaa na analalamika kila siku. Mimi nacheka nao, lakini roho inaniuma.

Binti alizaliwa, akapewa jina. Tonton alijaribu kukumbuka. "Ni yule aliyevuka muto Aruwimi na... hapana, yule ni dada yake." Alijaribu wiki nzima, kisha akaacha.

Mwaka huu mutoto ameanza shule. Siku ya kufunga, mwalimu aliwasimamisha mbele ya wazazi, kila mumoja aeleze jina yake. Mumoja: nilizaliwa safarini. Mwingine: babu alikuwa muvuvi wa Basoko. Yangu akasimama, mikono nyuma, akasema kwa sauti, "Jina yangu ilikuwa na hadithi kubwa sana. Radi iliiogopa, ikaikula. Tonton aliniambia."

Watu walipiga mikono. Tonton alipiga kuliko wote, anafuta macho. Na mimi nilipiga.

Bon, nyinyi wenye machine nyumbani, munisikilize. Fanyeni kopi, lakini karatasi musiitupe. Neno musilolijua, muulize, hata kama mulisoma. Machine ikikukataza, weka ukucha mbali. Na ukiharibu, sema siku ile ile, mvua inyeshe isinyeshe.

Binti yangu atawaelezea watoto wake ile habari ya radi, na hao wataelezea watoto wao. Katika hadithi zote za jamaa yetu, moja tu nililinda vizuri, na ni ile ya uongo.